Ardhi Niliyoiandika Kuwa Haitumiki

Siku yangu ya kwanza katika idara ya jiografia, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipewa meza, ufunguo wa chumba cha ramani na onyo. Mkuu wa Idara, mwanaume mpole aliyevaa tai hata Jumamosi, aliniambia kwamba kufundisha vizuri ni jambo jema, ila hakuna aliyewahi kupandishwa cheo kwa sababu hiyo. Kilichotakiwa ni makala katika jarida la kitaaluma, tena la ng'ambo. Nilishtuka. Mimi nilidhani nimeajiriwa kufundisha.

Basi nikatafuta makala. Nilichagua nyanda za kati ya Kitengela na Isinya, ambako ranchi za pamoja za Wamaasai zilikuwa zimeanza kugawanywa. Tulitumia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, tukaziweka mbilimbili chini ya stirioskopu, kifaa cha lenzi mbili kinachofanya vilima viinuke machoni. Ukiona vijia vya ng'ombe, unaandika malisho. Usipoona kijia wala boma, unaandika ardhi isiyotumika. Ndivyo nilivyofundishwa.

Kando ya boma la mjane mmoja, Mama Seleina, palikuwa na eneo pana lisilo na kijia hata kimoja. Nilikwenda kulithibitisha wakati wa likizo ya chuo, mvua zikiwa zimenyesha, nikakuta nyasi zinanifika kiunoni na hakuna mnyama. Dodoso letu, yaani karatasi ya maswali, lilikuwa la wakuu wa kaya, na kwetu mkuu wa kaya alikuwa mwanaume. Kwa hiyo nilikunywa chai ya mama yule, nikamshukuru, nikaenda kumhoji shemeji yake ng'ambo ya korongo. Mama mwenyewe sikumuuliza swali hata moja.

Makala yalipelekwa kwa wahakiki, wasomi wenzetu ambao majina yao hufichwa ili wakuseme bila haya. Hawakunisema. Walisifu ramani. Yakachapishwa, nikapanda cheo, na idara ikanichinjia mbuzi.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza nilirudi kule na wanafunzi. Eneo lile la nyasi nilikuta limezungushiwa waya, lina vigingi vya mipaka na bango la ploti zinazouzwa. Nilimwamkia Mama Seleina, "Takwenya, yeyo," akaitikia, "Iko," akatukaribisha vizuri tu. Kisha binti yake Seleina, aliyekuwa sasa mwalimu wa shule ya msingi, akaleta fotokopi ya ukurasa mmoja. Ilikuwa ramani yangu, na jina langu chini yake. Kamati ya ranchi, shemeji akiwemo, ilikuwa imeitoa kwenye mkutano wa kugawa ardhi.

"Walisoma hapa, mwalimu," Seleina akaniambia. "Eti hakuna mtu anatumia. Hii ilikuwa olopololi yetu, nyasi ya ndama. Tunaifunga wakati wa mvua ndio tuwe nayo kiangazi."

Nyasi zile ndefu nilizozichukulia kuwa za ardhi iliyosahauliwa zilikuwa akiba. Nimeshtuka mara nyingi maishani, lakini sijawahi kushtuka namna ile, tena wanafunzi wangu wakinitazama.

Mkuu wa Idara sasa alikuwa mwingine, profesa aliyepanga majarida mpaka dirishani. Nilimwambia nataka kuchapisha masahihisho.

"Daktari, ukikubali kosa moja, watafukua mengine," alisema. "Nani anasoma makala ya zamani?"

Nikamwambia kamati ya ranchi inasoma.

Masahihisho yalitoka baada ya mwaka na ushee, nusu ukurasa, mwisho kabisa wa jarida. Uprofesa sikuupata, na nimestaafu bila kuulilia. Ninyi mnaofanya utafiti leo mna mitambo inayoona mpaka paa la choo. Hata hivyo nawasihi mumuulize mwenye boma, hata kama hayumo kwenye orodha yenu.

Nakala ya kwanza ya masahihisho yale nilimpelekea Mama Seleina. Kiangazi kilikuwa kimeshika, na ndama wake wawili hawakuweza kusimama. Binti yake alimsomea kwa Kimaasai. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Ile karatasi ya kwanza ilileta waya," alisema. "Hii nayo inaweza toa?"

Nikamwambia haiwezi.