Kuni ya Kilio Kule Bulaya

Kuna siku moja nakumbuka vizuri kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu. Ni ile siku nilishuka ngazi ya nyumba ya bazungu, muzigo ya kuni ku kichwa, bidon ya maji ku mukono, nikaenda kupiga ku mulango ya muzee mwenye alikuwa na robinet tatu za maji mu nyumba yake. Cheka tu. Mimi mwenyewe nacheka. Lakini ile muzigo ya kuni ilinipotezea kitu yenye sikupata tena, na ndiyo sababu nimekuita ukae hapa kabla ya kufunga valise yako ya safari.

Kila mwaka batoto ya Butembo na ya Beni banapita hapa kwangu Vulamba kuniaga, sababu banajua Mama Kavira alisomaka Bulaya, akarudi, akafundisha bamama kuzalisha mpaka mvi zikatoka. Mwengine anaenda Inde kwa Bahindi, mwengine Chine kwa Bachina, mwengine anavuka tu mupaka ku Kasindi. Bote bananiuliza juu ya baridi. Baridi! Baridi unavaa pullover, inaisha. Hakuna hata mumoja mwenye ananiuliza juu ya batu.

Na mimi pia, siwezi kukudanganya, sikuuliza. Nilikuwa na miaka makumi mbili na mbili wakati niliondoka ku Mavivi na kandege kadogo kenye kalikuwa kanatetemeka kuliko mimi. Kufika kule, niliuliza vitu mpaka batu bakanichoka. Niliuliza mulango yenye inajifungua inajua namna gani kama mutu amefika. Niliuliza sababu gani imbwa inavaa manteau ya baridi. Niliuliza ile ngazi yenye inatembea, vipande vyake vinaingia wapi vikifika juu. Ku masomo, mwalimu mumoja aliniambia, "Mademoiselle, wewe ungesomea kutengeneza mashini." Juu ya vitu niliuliza yote. Juu ya batu, hapana. Nilijiambia, mutu ni mutu, atafanya vile batu banafanyaka.

Bourse yangu, ile feza ya kunisomesha, ilikuwa na neno moja. Ukipita mwaka ya kwanza bila kuanguka, banakupa tiketi ya kurudi nyumbani miezi mbili. Ukianguka, unabaki kule, unarudilia examen mu mwezi wa tisa, na tiketi hakuna. Baba yangu alikuwa mugonjwa ya moyo. Mu kila barua alimwambia kaka yangu aandike ku mwisho: "Baba anasema anakungojea." Hayo maneno tu. Basi mimi nilisoma kama mutu mwenye banakimbiza. Masomo yote nilipita. Ilibaki examen moja, ya kuzalisha na mikono ku hospitali, Siku ya Pili, ndiyo Jumanne, asubui.

Nyumba kwenye nilikaa ilikuwa na milango ine, kila moja imefungwa. Mimi nilikuwa juu kabisa. Chini alikaa muzee Armand na bibi yake Lucie, na ni hao tu balinijua jina. Muzee alikuwa anatoa kofia akinisalimia. Bibi yake alinifumia écharpe nyekundu ya shingo wakati baridi ilianza, akaitundika ku mulango yangu bila kupiga, akaenda.

Sasa, Siku ya Mungu, kisha misa, nakuta muzee Armand amesimama ku ngazi, ameshika viatu ya bibi yake mu mufuko ya plastiki. Anatoa kofia. Anasema, na sauti ileile anasemaka nayo kama mvua itanyesha, "Lucie amekufa leo asubui."

Yo! Nilitupa sac yangu chini nikalia vile tunaliaka kwetu, na mikono ku kichwa, na sauti yote. Muzee akarudi nyuma mpaka akagusa ukuta. Mulango moja juu ikafunguka, ikafungwa tena. Hakuna mwenye alishuka.

Mwanangu, wewe unajua. Kwetu mutu akikufa ku avenue yenu, ku mutaa, nani anakamata jembe? Shamba inangoja. Muchuuzi anafunga butike. Bamama banabeba kuni na maji, banaenda kukaa chini na mwenye kufiwa, na hata kama hauna neno ya kusema, matako yako ku ile mukeka inasema. Ukionekana unapita kwenda ku kazi yako, batu banakuangalia, na jina lako limeharibika mpaka ku bajukuu.

Basi, kesho yake, Siku ya Kwanza asubui, niliamka, nikaenda ku station ya essence, ya mafuta ya motokari, kwenye banauzisha kuni mu plastiki, ya batu benye biko na fasi ya kuwasha moto mu chumba ya kukaa. Nikapasua ile plastiki, nikafunga kuni yote mu kitenge, nikajitwika. Nikajaza bidon ku robinet yangu. Nikashuka.

Muzee alifungua mulango. Aliangalia mimi, akaangalia kuni, akaangalia bidon.

"Nimekuja ku kilio," nikamwambia.

Mu nyumba yake hakukuwa fasi ya moto hata moja. Alipika na gazi. Lakini alipokea kuni na mikono mbili, mutu ya heshima, akazunguka nayo mu nyumba muda murefu, kisha akaenda kuilaza mu baignoire ya kuogea. Mimi nilinyoosha miguu chini, ku tapis, ile zulia yake. Yeye alikaa ku kiti. Nilipika kunde, akakula kidogo. Telefone ililia mara mbili. Mutu hata mumoja hakuja, na mu roho yangu niliwatukana bote: hawa bazungu biko na moyo ya jiwe, hata imbwa yao inavaa manteau na mutu anaachwa peke yake na kifo.

Na examen? Nilijua iko kesho yake. Sikuisahau hata saa moja. Ila nilijua pia, kabisa kabisa, kama mwalimu akisikia kuna maiti mu nyumba yetu, atasema, "Pole, mama, utafanya siku ingine." Mwalimu gani wa Butembo angesema neno ingine? Basi sikupiga telefone, sikuandika karatasi, sikumwambia mutu. Siku ya Pili saa mbili, wakati benzangu banaitwa mumoja mumoja ku hospitali, mimi niko chini ku tapis ya muzee Armand.

Magaribi nikamuuliza, "Papa, tunazika kesho?"

"Hapana. Siku ya Kwanza ya juma ingine."

"Siku sita! Na mama Lucie iko wapi?"

"Ku frigo ya maiti, ku hospitali."

Mdomo yangu ikaponyoka. "Siku sita! Na mwalimu yangu ataningoja siku ngapi kwa examen?"

"Examen gani?"

Nikamweleza. Mwanangu, ule muzee mwenye hakulia siku tatu, mwenye alikuwa anasema pole pole kama mutu mwenye anaogopa kuamsha mutoto, alisimama akapiga meza na mukono.

"Nani alikutuma?" akasema. "Uliniuliza? Miezi tisa unapita ku mulango yangu, unaniuliza juu ya chauffage ya kupasha nyumba moto, juu ya ngazi yenye inatembea, juu ya poubelle ya takataka. Ungeniuliza neno moja: huku kwenu, mutu akikufa, munafanya nini? Ningekuambia, enda ufanye examen yako, mutoto, kisha uje magaribi. Lucie hangekimbia!"

Kisha akakaa, akalia. Nilimwachia alie. Alipomaliza akasema, "Mwanzo nilikuogopa. Leo asubui nilikuwa nasikiliza ku ngazi kama utakuja."

Kesho yake alivaa kofia, akanishika mukono, tukaenda ku masomo. Madame mwenye alikuwa mukubwa wa section yetu hakuwa mutu mubaya. Alitoa fomu ya benye kufiwa. "Marehemu ni nani yako?" Nikasema, jirani. Akashusha miwani. "Jirani?" Ku ile fomu kulikuwa fasi ya baba, ya mama, ya ndugu, ya bwana na bibi, ya mutoto. Fasi ya jirani hakukuwa. Muzee Armand akamwambia, "Andika kama ni mutoto yangu." Madame akasema, "Monsieur, siwezi kuandika uongo. Na kama angeniambia kabla ya examen, hata na telefone tu, ningemupangia siku ingine. Sasa jina lake limeandikwa: hakufika."

Unasikia? Ningemwambia, angenipangia. Hata na fomu yake yote na miwani yake.

Tuliporudi, muzee alifungua boîte yake ya barua, zikamwangukia ku miguu. Barua, barua, na kadi ndogo za kutoa pole, zenye ukingo mweusi. Tulizisoma pamoja ku meza. Mwengine aliandika juu ya siku Lucie alimufundisha kufuma. Mwengine alisema, nitakuja Siku ya Ine saa kumi, kama inakufaa. Basi batu balikuwa banakuja. Balikuwa banakuja na njia yao, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikibatukana mu roho. Nilisikia haya mpaka ku masikio.

Tiketi nilikosa. Benzangu balienda kwao, mimi nikabaki na vitabu. Mu mwezi wa nane kaka yangu alipiga telefone, na kabla aseme neno nilijua. Baba alizikwa Butembo kesho yake, bila mimi. Alikuwa ananingojea mpaka ile siku.

Muzee Armand alisikia kilio yangu. Alipanda ngazi za gorofa tatu na magoti yake mabaya, akasimama ku mulango, kofia ku mukono, akaniuliza, "Kavira, kwenu, mwenye anakuja anafanya nini?" Nikamwonyesha chini. Akakaa chini. Alikaa pale mpaka jua ikaingia, na kesho yake akarudi.

Mu mwezi wa tisa nilipita. Watu wanasema, Mama Kavira alipita, lakini mpaka leo mimi nalipa ile swali yenye sikuuliza.

Sikiliza sasa, mwanangu, na usiangalie telefone. Sikuambii uache desturi yetu. Enda nayo, hata ku kichwa kama kuni. Ila ukifika, uliza juu ya batu kabla ya kuuliza juu ya vitu. Sema, "Huku kwenu munafanyaka namna gani?" Hakuna mwenye atakucheka, na akicheka, atajibu. Kisha na wewe sema ya kwenu, sema mapema, ku mwalimu, ku jirani, ku mwenye nyumba, sababu hawawezi kujua kitu yenye iko mu roho yako. Usiseme mutu iko na moyo mubaya kama haujamuuliza. Na baba yako, mupigie telefone hata kama hauna habari.

Enda salama. Nyamuhanga, Mungu mwenye aliwaona babu zetu mu hii milima, akutangulie kule kwenye sisi hatujulikani. Akupe mutu wa kukujua jina, akupe kinywa ya kuuliza na masikio ya kungojea jibu. Mikono yako isome vizuri, miguu yako irudi mu hii nyumba, na siku utarudi, utukute bote tungali hai.