Bei ya Mugeni

Shangazi yangu alikuja Butembo kumzika kaka yake, yaani baba yangu. Alifikiri matanga yakiisha atarudi kwake. Alizaliwa hapa hapa, katika mtaa ambamo mimi leo ninafundisha shule ya msingi, lakini aliolewa akingali msichana upande wa pili wa mlima, Uganda. Huko ndiko alikozaa, alikolima kahawa, alikomzika mume wake. Kinande chake kilikuwa kile kile chetu, ila alivuta maneno mwishoni kama watu wa huko. Karatasi zake zote zilikuwa za Uganda.

Nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa na uzito. Dada yangu mdogo alivuka mpaka akajifungulia kule kwa shangazi mtoto wa kwanza, kwenye kituo cha afya cha serikali ya kule. Walimpa kitanda, dawa na chandarua, wala hakuna aliyemuuliza anatoka nchi gani.

Tulimzika baba kwenye mvua. Matanga yalikuwa bado hayajaisha nilipomwona shangazi, aliyekuwa anachambua maharagi na wamama wa kanisa, akiinama ghafla na kushika tumbo. Nilipomuuliza, alisema ni uchovu wa safari. Hakutaka kuleta ugonjwa wake kwenye kifo cha mwingine. Kesho yake asubuhi tumbo lilikuwa limevimba na kuwa gumu, na alikuwa anatapika maji ya kijani. Tulimpandisha kwenye pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nikimshika asianguke, na mama yangu akatufuata kwa pikipiki nyingine hadi hospitali ya serikali.

Kwenye mapokezi kulikuwa na binti mwenye sauti ya upole.

"Mama, uko mutu wa wapi?"

Kabla shangazi hajajibu, mama yangu alitoa karte yake mwenyewe ya kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, na kuisukuma mezani. Nilielewa mara moja, na nadhani yule binti pia alielewa, kwa sababu alitazama pembeni. Angeandika tu. Lakini shangazi, mikono yote miwili tumboni, alitikisa kichwa.

"Hapana, wifi yangu. Ile jina hapana yangu." Akamgeukia binti. "Niko mutu wa Uganda. Minazaliwa hapa, lakini niko mutu wa Uganda."

Alikuwa kiongozi wa wamama katika kanisa lake, na siku zote alikuwa hivyo, mgumu katika mambo ya kweli. Siku ile nilimchukia kidogo kwa ugumu huo. Mama yangu aliirudisha karte ndani ya kitenge chake.

Mgeni alikuwa na bei yake, kubwa kuliko yetu, na sehemu yake ilitakiwa kabla ya kisu. Mama akarudi nyumbani mbio, akaleta kile kikapu ambamo watu walikuwa wametia faranga za kutufariji. Fedha za kumlilia baba zikaingia kwenye tumbo la dada yake. Daktari alimpasua mchana huo. Utumbo ulikuwa umejikunja, na kipande kimoja kilikuwa kimeshaoza; alikikata, akashona. Alituambia kwamba tungengoja hata kidogo tu tungempoteza. Tulimshukuru Mungu pale pale kwenye baraza, tukiwa tumelowa mvua.

Kidonda kilichelewa kufunga, na kila siku iliongeza kitu kwenye fakture, karatasi ya deni letu: serumu, bandeji, kitanda. Daktari alipomwambia kwamba amepona na anaweza kutoka, hatukuwa na chochote cha kulipia kilichobaki. Hapo wakamhamisha kitanda. Nyuma ya jengo la wazazi kulikuwa na chumba kirefu chenye madirisha ya wavu, na huko ndiko walikokaa watu waliopona na wasioweza kulipa. Mlango haukuwa na kufuli. Lakini langoni kulikuwa na mlinzi, na bila karatasi ya kutokea hakumruhusu mtu kupita.

Nilikwenda kumwona msimamizi wa hospitali. Nilikwenda na hasira, nikiwa nimejiandaa kukutana na mtu mbaya. Nilikuta mzee mchovu, shati limechakaa kwenye kola, ofisi haina taa.

"Mwalimu, kaa," alisema. "Wewe unafundisha. Leta inakulipa?"

Leta ndiyo serikali, kwa midomo yetu. Nilimwambia inalipa baadhi yetu, na mimi si mmoja wao. Mimi ninalipwa na wazazi wa watoto.

"Donc, basi unajua. Hapa leta ilitoa ukuta na jina kwenye ukuta. Mafuta ya jenereta, uzi wa kushona, mushahara wa yule aliyemuosha shangazi yako, vyote binatoka kwa mugonjwa. Wakati wa Ebola bazungu balilipa kila kitu, watu banatunzwa bure. Balienda, na bure ikaenda nao."

"Lakini yeye amezaliwa hapa, Papa. Na dada yangu alizalia kwao bila kulipa kitu."

"Kule leta yao inalipa. Hapa nani analipa?" Alingoja, kana kwamba kweli alitaka nimtajie mtu. "Bafanyabiashara ba ng'ambo balikuja, tukabapasua, bakavuka mupaka bila kuaga. Ndiyo sababu tuliweka bei ya bageni. Nikimufungulia huyu, nitamwambia nini mama wa Manguredjipa?"

Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwenye kile chumba.

Yule mama wa Manguredjipa alikuwa jirani ya shangazi kitandani, msichana hasa, aliyekimbia vita akiwa na mimba na akapasuliwa ili azae. Mtoto wake alikuwa ameanza kucheka ndani ya chumba kile. Wawili hao walikula pamoja. Mimi nilileta bugali na sombe ya majani ya muhogo baada ya darasa la jioni, mama alileta chai asubuhi, na shangazi alimgawia binti yule kabla ya kugusa chake. Mchana, kwa kuwa hakuweza kukaa bure, alitoka kung'oa majani kando ya mfereji, mkono mmoja ukishika kidonda. Alinisimulia utoto wa baba, jinsi alivyokuwa mwoga wa ng'ombe. Nilicheka. Bado alikuwa yeye.

Halafu ikaja kampeni ya uchaguzi. Mheshimiwa mmoja alifika hospitali na magari, vijana wenye fulana mpya, na mtu wa kamera. Nilikuwapo, kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Alisimama mlangoni mwa kile chumba akatangaza kwamba anawalipia watu wake, watoke, waende nyumbani. Wamama walipiga vigelegele. Mmoja alipiga magoti. Kijana wake akaita:

"Bale ba karte ya kura, bakuje huku!"

Hata binti wa Manguredjipa alikuwa nayo, imefungwa ndani ya plastiki. Alikimbia vita akaacha sufuria, lakini karte hakuiacha. Walijipanga ukutani na mizigo yao. Shangazi alibaki ameketi kwenye kitanda chake. Mheshimiwa alimwona.

"Na huyu mama?"

"Huyu ni mugeni, Excellence. Wa Uganda."

Nilisema kwa sauti, "Amezaliwa Butembo!" Watu waligeuka kunitazama. Mheshimiwa alitabasamu, akaenda hadi kitandani, akamshika shangazi mkono kwa mikono yake miwili, na kamera ikapiga. Kisha akatoka, na chumba chote kikamfuata. Binti wa Manguredjipa alirudi mbio mara moja, mtoto mgongoni, akamfunika shangazi miguu kwa kitenge chake, na akaondoka akilia.

Baada ya siku hiyo shangazi alikaa peke yake kati ya vitanda vitupu. Aliacha kung'oa majani. Alikula nikimsimamia. Hakusimulia tena habari za baba, na nilipomtajia makusudi wale ng'ombe alinitazama kama mtu anayesikia lugha asiyoijua. Siku moja aliniuliza:

"Mutoto yangu, mimi miliiba nini?"

"Hukuiba kitu, shangazi."

"Mbona bananifungia njia?"

Mwanawe mkubwa ndiye aliyemtoa. Aliuza nusu ya shamba la kahawa, akavukia mpakani Kasindi. Barabara ya kutoka huko kufika Beni, njiani kuja kwetu, ilikuwa mbaya siku zile. Magari yalichomwa, watu waliuawa ndani yake, na wasafiri waliobaki walingoja kusindikizwa na askari. Hatukumwambia shangazi kwamba mwanawe yuko njiani, lakini alijua, na alisema kwamba wakimwua mwanawe kwa ajili yake, sisi tumzike yeye vilevile akiwa hai. Mwanawe alikwama Beni kwa siku nyingi kwa sababu ya mapigano. Alipofika Butembo alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Alilipa. Msimamizi mwenyewe alileta karatasi ya kutokea, akamwombea shangazi safari njema, na nadhani alimaanisha. Shangazi hakumwitikia. Alikuwa mtu wa kuwasalimu hata watoto wa jirani mmoja mmoja.

Hakutaka hata kupita kwenye kaburi la baba. Alisema, "Munipeleke kwetu," na kwa mara ya kwanza sikuwa na shaka hiyo 'kwetu' yake ni wapi.

Binamu yangu alinipigia simu wakati wa mavuno ya kahawa. Tumbo lilikuwa limemrudia shangazi, kama mwanzo. Hospitali ya serikali yao haikuwa mbali, na gari walikuwa wamelipata. Walimbembeleza, wakamwita mchungaji, wakamwambia kwamba kule kwao mgonjwa hatoi hata shilingi na hakuna chumba cha kufungia watu.

"Alishika nguzo ya kitanda kwa mikono yote miwili," binamu alisema. "Alisema, 'Sitaki kufungwa tena.' Tungemvuta, tungevunja vidole vyake."

Alikufa ndani ya nyumba yake.

Hatukwenda kuzika, njia ya Kasindi ilikuwa imefungwa tena. Mama alitandika mikeka uani kwetu, wamama wa kanisa wakaja na maharagi na makaa, tukakaa matanga bila maiti. Watu waliokuwa wanapita barabarani waliuliza nani amekufa. Mama yangu aliwajibu wote kwa namna moja: wifi yangu, mutu wa hapa.