Fulana za Tata Kanyinda

Tata Kanyinda alijua kwamba anakufa siku ambayo mdogo wake Modeste alimmenyea chungwa. Modeste, ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kummenyea mtu hata ndizi! Kesho yake akaja pasta, akausifu uvumilivu wake. Hapo hata mtungi wa oksijeni kando ya kitanda cha hospitali ulianza kumtazama kwa huruma.

Mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Ujana wote aliusaga pamoja na mawe kwenye mashine, hapa hapa Kolwezi, na saa za mapumziko akavuta sigara ili vumbi lisijisikie upweke. Sasa alitaka jambo moja tu: kufia kwake Mutoshi, kwenye kitanda chake kinacholia kila ukigeuka, pembeni ya mkewe Joyeuse anayekoroma kama lori la madini likipanda mlima. Kila akiomba kurudi, Dokta Stany alijibu, "Ukipona, tata."

Ukweli dokta aliutoa koridoni, kwa Modeste, kama ilivyo desturi: mgonjwa huambiwa wa mwisho, tena akibahatika. Dokta alikuwa ameingiza kwenye simu yake umri, pumzi, kilo zilizopotea na mara alizolazwa. Simu ikafikiri, ikatoa jibu. "Pengine hatapita Jumapili," akasema. Lile "pengine" lilianguka njiani, kati ya korido na duka la kuchapisha fulana za msiba, zenye picha ya marehemu na siku ya kufa. Maana kwenye kilio cha shangazi yao fulana zilifika maiti ameshazikwa, mtaa mzima ukacheka, na Modeste aliapa: aibu ile tena, hapana.

Alhamisi akaingia wodini na koti limefungwa hadi shingoni, jasho linamtiririka. Alipoinama kurekebisha mto, vifungo vikaachia. Kanyinda akajiona mwenyewe kwenye kifua cha mdogo wake, amevalishwa tai ambayo hakuwahi kuwa nayo.

"Modeste, huyu muntu ni nani?"

"Ni... muntu wa politike, yaya," Modeste akamjibu kaka yake. "Anatafuta kura."

"Mi sitamupa. Iko na sura ya mwizi." Macho yakashuka chini ya picha, kwenye tarehe. "Na juu ya nini anakufa Jumapili?"

Dokta akaitwa.

"Dokta, mi niko nakufa ao hapana?"

"Tata, tuko na matumaini..."

"Matumaini yenu iko na tarehe! Uniambie."

Dokta akakaa kitandani, mara ya kwanza tangu wafahamiane. Akakiri kwamba ndiyo, anakufa. Lini, hajui, na simu nayo inabahatisha.

"Aksanti. Sasa munipeleke kwangu. Muntu ameisha kufa, munamuchunga hapa ya nini?"

Akarudishwa na chupa ya dawa ya kupoza kiu ya hewa. Jumapili waombolezaji, ambao Modeste alishawaalika, wakamkuta ameketi mlangoni, amevaa fulana yake, imempwaya. Kwaya, kwa kuwa ilishajifunza nyimbo, ikaimba.

"Pole pole, bamama!" akawagombeza. "Munaimba kama munakimbia mvua!"

Bukari, ule ugali wa kilio, ikaliwa yote.

Akaishi mvua zikanyesha hadi zikakatika. Akafia kitandani kwake, Joyeuse anakoroma, ndivyo alivyotaka. Fulana zikatolewa tena, zimepauka kwa kulimia. Modeste akaziba tarehe zote kwa plasta. Dokta Stany naye akaja kilioni, akapewa yake. Plasta yake ikabanduka kabla ya kufika makaburini, akamzika mgonjwa wake ile Jumapili ikiwa wazi kifuani.