Dobi Aliyesema "Walimmaliza"

Mtaani kwao walimwita Pasi, na hakuwa na kinyongo na jina hilo, maana pasi ndiyo iliyomlisha yeye na mkewe na kusomesha watoto. Duka lake la udobi lilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba za kuanikia uani, na redio iliyoimba kutwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Shati lako uliliacha kwa salamu, ukalifuata kwa hadithi. Na kama wengi wa aina yake, alikuwa na neno alilolipenda kupita kiasi. Jua limenimaliza. Mashuka ya gesti yamenimaliza. Watoto hawa watanimaliza. Mkewe alimtania kwamba mtu anayemalizwa mara nyingi hivyo alitakiwa awe ameshazikwa zamani.

Mteja wake mkubwa alikuwa mwimbaji ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Chiriku. Suti zake za jukwaani, nyeupe pe, zilipita mikononi mwa Pasi, na aliyezileta na kuzifuata ni Vijiti, mpiga ngoma wa bendi, ambaye ni mdogo wa mke wa Pasi. Ndipo Chiriku akafa. Alitoka jukwaani, akajilaza kwenye chumba cha gesti jirani na ukumbi, asubuhi akakutwa ameshakuwa wa baridi. Daktari alisema ni moyo. Watu walilia, wakazika, wakaendelea kucheza nyimbo zake harusini.

Miaka ikapita, wakaja watu wa filamu. Walikuwa wakitafuta kila aliyemjua marehemu, na Pasi, ukimuuliza jambo, hajui kujibu nusu. Aliwaeleza jinsi bendi na waandaaji walivyomzungusha Chiriku, leo mji huu kesho mji ule, mtu ana homa lakini anasukumwa jukwaani. Mwishoni akatikisa kichwa, akasema kwa huzuni ya kweli, "Wale jamaa walimmaliza." Kisha akarudi kwenye nguo za watu, roho yake nyeupe.

Filamu ilipotoka, mtaa mzima ulikuwa nayo kwenye simu. Sauti nzito iliuliza: je, ni kweli Chiriku alikufa kwa moyo? Ikaonyeshwa picha ya kile chumba, na chupa ya maji kando ya kitanda. Chupa ile ilitoka wapi? Nani aliingia mle chumbani mara ya mwisho? Sura ya Vijiti, mpeleka suti, ikajaa kioo, anacheka, na papo hapo ikasikika sauti ya shemeji yake mwenyewe: "Wale jamaa walimmaliza." Halafu muziki wa kutisha.

Nani hapo angefikiria uchovu? Neno lilikuwa lilelile, limetoka kinywani mwake, hakuna aliyemwongezea hata silabi. Hilo ndilo lililomtafuna Pasi, kwamba hakuwa na pa kushika aseme amesingiziwa.

Bendi ilimwomba Vijiti akae pembeni mpaka mambo yatulie, na kama tujuavyo, mambo ya namna hiyo hayatulii. Wanawe waliitwa watoto wa muuaji shuleni. Akaacha kufika kwa dada yake. Naye mke wa Pasi hakugomba, na heri angegomba. Alimwekea mumewe chakula mezani kama anavyowekewa mpangaji, akaenda kula jikoni.

"Mama watoto, si nimeshakwambia nilimaanisha nini?"

"Umeniambia mimi. Kawaambie waliokusikia."

Kwa hiyo filamu ya pili ilipokuja kubisha hodi, Pasi aliipokea kama mgeni wa heri. Alivaa shati alilolinyoosha mpaka likasimama lenyewe. Alikuwa amejizoeza mbele ya kioo, na lile neno lake la kila siku alilifungia nje kabisa. "Marehemu alichoka," aliiambia kamera. "Kazi ndiyo ilimchosha. Shemeji yangu hana kosa lolote." Mwongozaji, dada mmoja mpole, alimshika mkono. "Umesema vizuri sana, baba."

Kweli alisema vizuri. Kwenye filamu walimweka mara mbili, kwanza yule Pasi wa zamani aliyesema walimmaliza, kisha huyu wa shati lililonyooka. Msimulizi akauliza: kwa nini shahidi huyu amebadili maneno? Anamwogopa nani?

Mkewe alipoiona, alicheka kicheko kibaya, akaenda uani kuanua nguo. Pasi alibaki na ile simu. Wateja walipopungua, akawa anazitazama zile filamu mchana kutwa. Mwanzoni alikuwa akitafuta alipokosea. Baadaye, na hili hakumwambia mtu, akawa anaitazama ile chupa.

Mchana mmoja Vijiti akapiga hodi. Alikuwa amekonda. Pasi aliacha pasi, akamkaribisha kwa mikono miwili.

"Sikai, shemeji," Vijiti alisema. "Nimeona ulivyojitahidi. Najua hukunisema vibaya. Nakuomba tu usiongee tena na wale watu."

"Siongei tena. Naapa."

"Basi, kati yetu yamekwisha. Mwambie dada Jumapili nakuja na watoto."

Lilikuwa ndilo jambo pekee alilolitamani tangu mwaka uanze, na amepewa bure, amesimama palepale dukani. Angeitikia tu. Lakini ulimi wa Pasi haukuzaliwa kukaa kimya.

"Lakini shemeji... ile chupa uliitoa wapi?"

Vijiti hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Ulinipa wewe."

"Mimi?"

"Ulinikabidhi suti, ukaniambia mpelekee na maji haya, koo litakuwa limemkauka. Ilikuwa hapo mezani."

"Mbona hukuwaambia?"

"Ningewaambia, wangehamia kwako. Dada yangu angebaki na nani?"

Mkewe Pasi alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na kiti alichomletea mdogo wake. Vijiti alikipokea, akakiweka chini, akaondoka bila kukikalia, na habari ya Jumapili hakuitaja tena.

Pasi alitaka kumkimbilia, akaishia mlangoni. Alikumbuka. Ni kweli, maji alimpa yeye, kwa mkono huu huu. Ilikuwa chupa ya kawaida, maji ya kawaida, mtu akimwonea mwenzake huruma. Akajiambia hivyo, akarudia tena, kisha akajikuta anajiuliza yeye mwenyewe aliyapata wapi.