Fundi Anayesoma Mbao

"Nipeni ubao wowote wa paini, nitawatajia mwaka mlima ulipoungua na mwaka mvua ilipogoma." Fundi seremala wa Lumemo alijigamba hivyo mbele ya mkutano mzima wa mtaa, na tangu siku hiyo hajamaliza kazi ya mtu kwa wakati. Kila ubao lazima ausome kwanza. Analamba kidole gumba, anakipitisha kwenye mistari taratibu kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu, kisha anaguna. Aurelia, ambaye mlango wa nyumba yake ni kanga tangu Pasaka, alimfuata juzi kwa mara ya sita.

"Tazama, mama. Hapa mistari imebanana, huo ni ukame. Hili kovu jeusi ni moto. Mti huu umeteseka, ukiuharakisha utapinda."

"Na mimi je, fundi? Jana mbuzi wa jirani kalala sebuleni kwangu. Asubuhi kaniangalia kama mgeni ni mimi."

"Zamani mvua ilikuwa na adabu," fundi aliendelea, pua ikikaribia kugusa ubao. "Siku hizi inakuja yote kwa mkupuo, haipigi hodi. Mti wenyewe unashuhudia hapa."

Alikuwa bado ameinama mvua ilipompiga kisogoni. Wingu lilikuwa limetanda tangu saa nne. Aurelia aliliona, na hata yule mbuzi alikuwa ameshajiingilia sebuleni kwa Aurelia. Mbao za mlango, zilizoanikwa uani zikauke, zilianza kuelea.

"Hizi sasa, mama, itabidi tuzisubiri tena."

Aurelia alivuka barabara hadi kwa mchomeleaji. Mlango wa bati ni shilingi laki moja na arobaini elfu.