Mpiga Pasi na Kola za Wauguzi

Kila nguo iliyoshonwa katika karakana ile iliishia mikononi mwake. Mmoja alikata, mwingine akaunga mabega, wa tatu akatia mikono, wa nne kola, wa tano vifungo. Kila mtu alikijua kipande chake na kikishaondoka akakisahau. Yeye aliyekaa mwisho, kwenye meza ndefu karibu na mlango wa nyuma, ndiye pekee aliyeiona nguo ikiwa nguo. Aliitandaza, akainyunyizia maji, akaipitishia pasi ya mvuke, akaikunja. Kwa miaka tisa hakuna aliyemuuliza ameona nini.

Walimwita Bi Kimya. Hakuwa bubu wala hakuwa na majivuno. Salamu aliitikia, utani aliucheka kwa mabega, na mtu akifiwa alikuwa wa kwanza kufika. Lakini penye kikao, neno lake lilifika kooni likageuza. Alilelewa na shangazi aliyeamini kwamba mtoto mwema ni yule ambaye hata kikombe chake hakigongi sahani, na malezi yale yalimkaa kama mkunjo wa suruali: ukishapigwa pasi miaka mingi, hautoki hata ukiufua.

Kazi ya ukaguzi ilikuwa imempita mara mbili. Mkaguzi ndiye anayepitia vitambaa kabla havijakatwa na nguo kabla hazijafungwa, naye ana haki ya kusema hii irudi. Mara ya kwanza kazi ile alipewa mtu aliyekuwa na miezi saba tu hapo. Mara ya pili alipewa mpwa wa mtu, akaja, akachoka, akaondoka, na kiti kikabaki kitupu.

"Mbona hukuomba?" aliwahi kumuuliza Mama Pacha, mshona kola, shoga yake wa tangu siku ya kwanza.

"Sikuulizwa."

"Haya. Kaa hapo hapo, nafasi ije ikupigie hodi na kukujulia hali."

Basi ikaja oda ya magauni ya wauguzi, mia mbili na arobaini, meupe, yenye kola ndogo iliyosimama. Kola huwa na kitambaa kigumu cha ndani kinachoifanya isilale. Kitambaa hicho, kabla ya kukatwa, hulowekwa katika maji ya moto kisha kikaanikwa, ili kama ni kusinyaa kisinyae mapema. Mkataji, ambaye wote walimwita Mzee Mkasi, alikuwa ameshajaza beseni kwenye bomba la mlango wa nyuma Meneja alipopita na karatasi zake.

"Mzee, hii shughuli ya maji itachukua muda gani?"

"Siku mbili, mama. Kuloweka na kukausha."

"Siku mbili sina. Kata hivyo hivyo."

Mzee Mkasi akayatazama maji, akautazama mkasi, akamwaga maji. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alitoka kwenye biashara ya kuuza nguo, akajua kutafuta wateja na kutimiza ahadi kwa tarehe, kushona hakujua, na hakuna aliyemfundisha, kwa kuwa kila alipouliza alijibiwa "Ndiyo, Meneja." Bi Kimya, hatua tatu kutoka pale, alisikia yote. Naye hakusema kitu.

Gauni la kwanza lilipofika mezani kwake, akajua. Mvuke ulipoigusa kola, kitambaa cha ndani kilijivuta na cha juu kikabaki, kikafanya makunyanzi kama utando wa maziwa yanayopoa. Angeweza kuita. Badala yake alifanya alichokiweza kuliko mtu yeyote: akaishika ncha ya kola ingali ya moto, akaivuta kwa vidole vya mkono wa kushoto, akapitisha pasi kutoka nchani kuelekea katikati, kisha akaigandamiza kwa kipande cha ubao baridi mpaka ikatulia. Ikatoka laini kama jani jipya. Akafanya vivyo hivyo kwa gauni la pili, na la tatu, na yote mia mbili na arobaini. Kidole chake cha shahada kilibabuka. Na hili ndilo lililomuuma sana baadaye: aliona fahari.

Wiki tatu zilipita. Muuguzi mkuu akaja mwenyewe, mwanamke mrefu, mtaratibu, ana mfuko begani. Akatoa gauni moja akaliweka juu ya meza ya kukatia. Lilikuwa limefuliwa mara moja tu. Kola ilikuwa imevimba na kupinda, imenuna kama mtoto aliyenyimwa.

"Karibu yote yako hivi," alisema. "Wagonjwa wanatucheka. Mgonjwa akicheka ni heri, lakini si kwa sababu hii. Nimekuja kuwapa nafasi ya kurekebisha. Mkishindwa, nitatafuta wengine."

Alipotoka, Meneja aligeukia safu ya mashine.

"Kola anashona nani?"

"Mimi," alisema Mama Pacha, akasimama. "Lakini Meneja, mshono wangu—"

"Mshono wako ndio huu." Gauni likatupwa juu ya cherehani. "Alhamisi asubuhi tuna kikao. Uje na maelezo. Kama huna, mashine hiyo ataikalia mwingine."

Mama Pacha alikuwa na mapacha wa darasa la tatu, na mume aliyesafiri kutafuta kazi akasahau njia ya kurudi. Mchana kutwa alifumua mishono yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akitafuta kosa. Jioni, wakifunga mikoba, alimwambia Bi Kimya kwa sauti ndogo, "Shoga, labda kweli ni mimi. Labda mkono wangu umezeeka sijui."

Maneno hayo Bi Kimya alikwenda nayo nyumbani.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno mengi. Watu walisema Mungu aliwapa wawili wale mdomo mmoja na bwana akauwahi. Baada ya kula alimwangalia mkewe akikunja nguo za watoto.

"Hilo shati unalikunja mara ya nne. Limekukosea nini?"

Akamweleza yote. Mumewe alisikiliza bila kumkatiza, jambo lililomgharimu.

"Basi sema," alisema mwishowe.

"Nikisema wataniuliza, ulijua ukanyamaza?"

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Haya, swali gumu umeshalijibu, na hujafa."

Bi Kimya alitaka kucheka akajizuia. "Na aliyesema tukate ni Meneja mwenyewe. Nitamwambiaje mtu mzima, mbele ya watu, kosa ni lako?"

"Usimwambie kosa ni lako. Mwambie kilichotokea. Mtu akiniletea baiskeli aliyoiharibu kwa mikono yake, simwambii umeiharibu. Namwambia, ndugu yangu, mnyororo umelegea. Aliyeulegeza anajijua."

"Na sauti ikinikatika?"

"Ikatike. Utaanza tena. Nani alikwambia mtu hupewa sauti moja tu?"

Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, Bi Kimya alikwenda kwenye meza ya kukatia. "Mzee, naomba kipande cha kile kitambaa kigumu. Kilichobaki."

"Cha nini?"

"Cha kuloweka."

Mzee Mkasi akampimia kipande kikubwa kuliko alichoomba, akakata akampa. Bi Kimya alikigawa mara mbili. Nusu aliitia katika maji ya moto, akaikausha kwa pasi. Nusu aliiacha kama ilivyotoka dukani. Saa kumi akaviweka vyote mbele ya Mama Pacha.

"Nishonee kola mbili. Hii uitie uzi mwekundu pembeni."

"Tangu lini wewe ukatoa amri?"

"Tangu leo. Shona."

Alhamisi walisimama wote kuizunguka meza ya kukatia. Meneja aliweka gauni lililonuna katikati, akataka maelezo. Mama Pacha alifungua mdomo, yakatangulia machozi.

"Kuna mwingine mwenye la kusema?" Meneja aliuliza. Ndilo swali lililofunga kila kikao, na jibu lake siku zote lilikuwa watu kurudi kwenye mashine.

"Mimi ninalo."

Watu wakageuka kutafuta sauti imetoka wapi. "Jamani!" alisema mtia vifungo, mkono kifuani. "Kweli kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Mshono hauna kosa," alisema Bi Kimya. "Kitambaa cha ndani ndicho..." Sauti ikakatika, kama alivyoogopa. Akaanza tena. "Kitambaa cha ndani kimesinyaa. Hakikulowekwa. Niliona tangu gauni la kwanza. Nikayanyoosha kwa mkono, yote, ndiyo maana yalitoka hapa mazuri. Ningesema siku ile, tungekuwa tumeharibu gauni moja tu."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Nilijua, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, na siwezi kumwachia Mama Pacha alibebe."

"Na nani alisema kisilowekwe?"

Mzee Mkasi alikohoa, akatazama viatu vyake.

"Tulikuwa na haraka, Meneja," alisema Bi Kimya. "Uliniambia... ulimwambia Mzee akate hivyo hivyo. Nilikuwa hapo nyuma. Mzee hakubisha, na mimi sikubisha."

Uso wa Meneja ulibadilika rangi. "Maneno tu haya. Nitajuaje?"

Bi Kimya akatoa zile kola mbili mfukoni mwa aproni. "Yenye uzi mwekundu, kitambaa chake kililowekwa. Nyingine hakikulowekwa. Kazi ni ya mkono mmoja, wa Mama Pacha. Naomba maji ya moto."

Mtu akachemsha birika. Kola zikatiwa ndani ya beseni, na watu kumi na wanne wakainamia maji kana kwamba kuna mtoto anayeogeshwa mara ya kwanza. Dakika tano. Bi Kimya akazitoa, akazikamua, akazilaza juu ya meza, akapitisha pasi juu juu bila kuvuta, bila ubao. Yenye uzi mwekundu ililala ikatulia. Nyingine ilikunjamana mbele ya macho yao, ikanuna vile vile kama ile ya gauni.

Meneja alizishika zote mbili muda mrefu, moja kila mkono.

"Mzee," alisema mwishowe, "loweka kitambaa. Kola zote zitashonwa upya. Nitampigia simu muuguzi mkuu nimwombe siku." Akamgeukia Mama Pacha. "Wewe kaa kwenye mashine yako. Nilikosea kukutupia lile gauni." Akaingia ofisini, akafunga mlango.

Mama Pacha alimshika shoga yake mkono, akakiona kidole kilichobabuka, akakipuliza kama anavyowapuliza wanawe wakiumia.

Kwa siku kumi Meneja hakumsalimu Bi Kimya ila kwa kichwa. Wengine walimpa utani wote aliokuwa ameukwepa kwa miaka tisa.

"Sasa tukuiteje?" aliuliza mtia vifungo. "Lile jina limekubana."

"Niiteni mtakavyo, mradi mniite saa ya kula."

Wakacheka mpaka Mzee Mkasi akaweka mkasi chini.

Magauni yalirudi hospitali, yakafuliwa, yakafuliwa tena. Muuguzi mkuu alipiga simu: kola zimesimama wima, na sasa anataka na suruali za wahudumu. Asubuhi iliyofuata Bi Kimya aligonga mlango wa ofisi.

"Nimekuja kuomba kazi ya ukaguzi," alisema akiwa bado amesimama. "Nguo zote za hapa nimezishika miaka tisa. Nazijua zinapokosea."

Meneja akavua miwani. "Umeniaibisha mbele ya wafanyakazi wangu, sasa unakuja kuniomba cheo?"

"Nakuja kabla hujampa mwingine."

Meneja alijaribu kukasirika, ikashindikana, kicheko kikamtoka puani. Akamwonyesha kiti. "Na siku nikisema tena kata hivyo hivyo?"

"Nitakuja hapa hapa kukuambia. Mlango nitaufunga kwanza."

"Ufunge kweli," alisema Meneja. Kisha, kwa sauti nyingine, "Mimi kushona sijui. Nilidhani watu wakinyamaza ni kwamba mambo yako sawa. Anza Jumatatu. Miezi mitatu, tuone."

Jumatatu meza ya pasi ilipata mtu mpya, baba mmoja mpole aliyewahi kufanya kazi ya dobi hotelini, mkono mwepesi. Bi Kimya alimwonyesha pasi, chupa ya maji, kipande cha ubao. "Sharti langu ni moja, kaka. Ukiona kasoro, usiinyooshe. Niite."

Baba wa watu alilichukua sharti kama amri ya daktari. Asubuhi ile alimwita mara nane. Mara ya kwanza ulikuwa uzi uliosahaulika, ya pili kivuli cha dirisha, ya tatu doa ambalo lilikuwa tone la jasho lake mwenyewe. Mafundi walianza kuhesabu kwa sauti. Bi Kimya alikwenda kila mara, akainama, akatazama, akasema, "Hapana neno, umefanya vizuri, endelea kuniita."

Mara ya nane alitazama suruali ya mhudumu kwa muda. Akaigeuza. Akavuta mfuko kwa kidole kimoja, mshono ukaachia kama mdomo wa mtu anayepiga mwayo. Akachukua ya pili kwenye rundo, ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Mashine kumi na moja zilikuwa zinanguruma pamoja.

Bi Kimya alijinyoosha, akavuta pumzi, na kwa sauti iliyofika mpaka mlango wa mbele akasema, "Jamani, simamisheni mashine kidogo."

Zikasimama.