Magoma na Vugiri, Ipi Mpya?

Tulikuwa wanne, wawili wa Handeni na wawili wa Korogwe, tukiandika programu ya kutunza kumbukumbu za chanjo za mifugo. Siku ya kukubaliana namna ya kuyaita matoleo yake, nilipendekeza namba tu: la kwanza, la pili, la tatu. Kiongozi wetu, aliyependa sifa kuliko kazi, alinicheka.

"Namba hazina mvuto. Tutumie majina ya kata."

Basi watu wazima na elimu zao wakabishana mchana kutwa itangulie kata ya wilaya ipi. Tukaishia na Mazingara, Magoma, kisha Vugiri.

Wiki mbili baadaye alinipigia bwana mifugo mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hivi mwanangu, Magoma na Vugiri, ipi mpya?"

Alikuwa ameshaweka toleo la zamani juu ya jipya, na orodha yake ya ng'ombe imepotea. Nilipomweleza kiongozi, alijibu kuwa mzee yule hajui kompyuta. Sikuona haja ya kubishana na mpumbavu. Nilianza kuandika namba mbele ya kila jina, na mpaka leo hakuna hata mmoja wa wenzangu aliyegundua.